Mbwa ikianza kukohoa ghafula: usikimbilie kuingiza mkono mdomoni



Kwa kawaida mimi naandikaka hapa juu ya maharagi, mihogo na udongo wetu wa Butembo, kwa sababu njo kazi nilisomea. Niko na lisansi ya agronomia, sina ya uveterineri. Lakini leo ninataka tuongee juu ya mbwa, zaidi sana mbwa inayoanza kukohoa ghafula. Sababu ni hii: mwaka uliopita nilifanya makosa mbili kwa muda wa siku mbili tu. Kosa moja liliniletea sindano, lingine lilimpotezea jirani yangu mbwa yake. Baadaye nikakaa na rafiki yangu docta wa wanyama, tulisoma wakati moja, akanieleza mambo hatua kwa hatua. Hapa ninawapa ile alinieleza, pamoja na ile nilikuwa nimesoma mu kozi ya zootekni nikaisahau kisha mtihani.

1. Namna ilianza

Ilikuwa siku ya posho, jioni. Tulikuwa tumekula samaki ya Kyavinyonge, na watoto walikuwa wametupia mbwa yetu Simba vichwa na mifupa, vile tunafanyaka sisi wote. Karibu saa mbili ya usiku Simba akaanza kukohoa. Haikuwa kikohozi kidogo. Ilikuwa sauti kavu, ya nguvu, kama bata mzinga iko nalia. Shingo inanyooka, mgongo unapinda, mwishoni inafanya kama inataka kutapika, na inatoka povu nyeupe kidogo. Inapumzika dakika chache, inaanza tena.

Bibi yangu akasema: «Papa Simba, ni mfupa! Iko na mfupa mu shingo, utaiacha ikufe?»

Mimi njo msomi wa nyumba, siwezi kukaa nikiangalia. Nikaikamata, nikafungua mdomo, nikaingiza vidole mpaka ndani kabisa. Sikupata mfupa. Nilipata mate mengi na mukwaruzo wa jino kwenye kidole cha shahada, damu kidogo tu. Nikapangusa na suruali. Nikamwambia mama wa watoto kama mfupa umeshuka.

Kesho yake, siku ya yenga, Simba ilikuwa bado nakohoa, lakini ilikula vizuri na ilikuwa nachezesha mkia. Nikaona ni kitu kidogo. Nikafungua mlango wa parsele, ikatoka kuzunguka kama kawaida. Jioni njo nikamupigia docta telefone, nikimuuliza siro gani ya farmasi naweza kuipa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza maswali mbili tu:

«Injenieri, hiyo mbwa iko na chanjo ya raje? Na huo mukono uliingiza mu mdomo, uko na kidonda?»

Nikanyamaza. Chanjo ya Simba ilikuwa imepita muda wake. Na kidonda kilikuwa pale mbele ya macho yangu.

2. Kwa nini docta aliuliza hivyo

Hapa njo ninataka kila mtu asome polepole. Kichaa cha mbwa, ile tunaitaka raje, haianzi kila mara na mbwa yenye hasira inayokimbiza watu njiani. Kuko namna ingine, ya kimya. Mishipa ya koo na ya taya inalegea. Mbwa inashindwa kumeza, mate yanajaa na kutiririka, mdomo unabaki wazi, sauti ya kubweka inabadilika na kuwa ya kukwaruza. Mtu mwenye anaiangalia anasema: «Iko na mfupa mu koo.» Anaingiza mkono. Na mate njo inabeba virusi.

Ugonjwa huu ukishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla dalili hazijaanza, unaweza kuzuiliwa karibu kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema kama watu wanaopata kichaa hiki, mpaka 99 kwa mia wanakipata kutoka kwa mbwa. Kwa hiyo docta hakuwa ananiogopesha bure.

Aliniamuru hivi: nioshe kidole na maji inayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa, nisikifunge kwa nguvu, asubuhi mapema niende hospitali kuonyesha kidonda na kueleza habari yote, nifungie Simba ndani ya parsele na niiangalie siku 10. Kama mbwa ingekuwa na virusi ndani ya mate siku ile ilinikwaruza, ingekuwa imegonjwa vikali ao imekufa mbele ya siku 10 kuisha. Kama inabaki nzima, basi haikunipa kitu. Lakini, akasema, mtu hangojei siku 10 ziishe njo aanze sindano. Unaanza mara moja, na docta wa watu njo anaamua kama mutasimamisha wakati mbwa imebaki nzima.

Nilidungwa. Nilichelewa usiku mzima na mchana wake, na zile siku za kwanza sikulala vizuri, ninawaambia ukweli. Kila Simba ilipokohoa usiku, niliamka na tochi kuangalia kama taya imeanguka.

Basi kanuni ya kwanza: mbwa ikikohoa ao ikifanya kama kitu kimekwama, na hauko na uhakika wa chanjo yake, macho yako yatangulie. Mkono ungoje. Angalia: tabia yake imebadilika? Inajificha, inauma vitu vya bure, inatembea kama imelewa, inatiririsha mate, haiwezi kumeza, sauti imebadilika? Kama ni ndiyo, funga mlango, ondoa watoto, uite veterineri. Na usiitegemee ile mambo ya kusema «inakunywa maji, basi haina raje». Kuogopa maji ni dalili ya watu. Mbwa yenye kichaa inaweza kukaribia maji.

3. Je, ni kikohozi kweli?

Tuseme mbwa iko na chanjo, akili yake iko sawa. Sasa unatafuta kujua sauti ile ni ya nini. Kuko vitu vinne vinavyofanana.

Kikohozi: hewa inatoka na nguvu kutoka kifuani. Mdomo unafunguka, shingo inanyooka. Mwishoni inaweza kutema povu.

Kupiga chafya kinyumenyume: hewa inaingia na sauti kupitia pua, kama mtu anayekoroma haraka haraka, mdomo umefungwa, mbwa imesimama bila kusogea. Inachukua sekunde chache mpaka dakika moja, kisha inaendelea na mambo yake. Mara nyingi ni vumbi ao harufu kali, na haiombi dawa.

Kutapika: tumbo njo linakaza, na kinachotoka ni chakula ao maji ya manjano.

Kunyongwa na kitu: hii ndiyo ya haraka. Inaanza palepale wakati mbwa iko nakula ao natafuna kitu. Inajikwaruza mdomo na miguu ya mbele, macho yanatoka, inahangaika, hewa haipiti vizuri, na ulimi ao ufizi vinaanza kuwa vya bluu.

Docta alinipa akili moja nzuri sana: kamata telefone yako, uchukue video ya sekunde 30. Mbwa ikifika kwa veterineri inaacha kukohoa, kama vile gari lako linaachaka kulia mbele ya fundi. Video inaonyesha ile ambayo maneno yako hayawezi kueleza.

Kwa Simba, kama ningetulia nikaangalia, ningeelewa. Kikohozi kilianza zaidi ya saa moja kisha chakula. Haikujikwaruza mdomo. Ufizi ulikuwa mwekundu mzuri. Na katikati ya kukohoa ilikunywa maji na kulamba sahani. Mbwa yenye mfupa umekwama kooni haina hamu ya kulamba sahani.

4. Kama imenyongwa kweli

Kama inakohoa na hewa bado inapita, uiache ikohoe yenyewe na uipeleke kwa docta. Kukohoa njo namna yake ya kujisaidia. Kama hewa haipiti, hakuna wakati wa kungoja.

Fungua mdomo na uangalie kwenye mwangaza. Kama unaona kitu mbele na unaweza kukikamata vizuri, kitoe. Kama hukioni, usitafute na vidole bila kuona: utakisukuma mbali zaidi, na mbwa inayokosa hewa inauma hata mwenye kuilisha. Kama ni uzi ao kamba iliyoshuka mpaka tumboni, usiivute.

Mbwa ndogo: iinue miguu ya nyuma juu, kichwa kikiangalia chini, na upige na kiganja katikati ya mabega mara chache. Mbwa kubwa: simama nyuma yake, weka ngumi chini ya mbavu, pale tumbo linaanzia, usukume kwa ghafula kuelekea juu na mbele, mpaka mara tano, kisha uangalie tena mdomoni. Hata kama kitu kimetoka na mbwa imepata hewa, uipeleke kwa docta, kwa sababu koo inaweza kuvimba kisha saa chache.

Na kuhusu mifupa: mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka kama kioo, na mifupa ya samaki ni sindano. Nyumbani kwetu hatuitupii tena mbwa. Tunachanganya fufu na mchuzi na dagaa laini, inatosha.

5. Kikohozi cha kuambukizana

Simba ilikuwa na nini sasa? Docta aliniuliza kama kwa siku zilizopita mbwa ilikutana na zingine. Nikakumbuka: wiki moja nyuma, tuliipeleka kwa yaya wangu wakati wa kilio, kwenye parsele yenye mbwa tano na zingine za wageni. Akacheka: «Basi umepata jibu.»

Ni ugonjwa wa bomba la hewa. Hauletwi na mdudu moja tu. Kuko bakteria inaitwa Bordetella bronchiseptica, kuko virusi vya parainfluenza ya mbwa, kuko adenovirusi ya aina ya 2, na vingine. Mara nyingi vinaingia pamoja. Virusi vinaumiza ngozi laini ya ndani ya bomba, bakteria inapata njia. Pale pameumia panawasha, njo maana mbwa inakohoa kwa kitu kidogo: kukimbia, furaha, hewa ya baridi ya asubuhi, ao kamba inayovuta shingo. Ukigusa koo polepole kwa nje, kikohozi kinaanza.

Unapita kwa hewa, mbwa moja ikikohoa karibu na ingine, na kwa sahani ya chakula na maji. Dalili zinakujaka kati ya siku 2 na 14 kisha kukutana. Kwa mbwa kubwa yenye afya, unaisha wenyewe kwa wiki moja mpaka tatu. Mbwa inakula, inacheza, haina homa kali. Simba ilikohoa siku 12, ikaacha. Siku ya 10 ilikuwa nzima, nikarudi hospitali na habari njema.

Hadithi ingeishia pale kama singefungua mlango wa parsele ile siku ya yenga.

Jirani yangu, mama mwenye kuuza makala kwenye kona, alikuwa amewapa watoto wake kambwa ka miezi miwili. Asubuhi ile Simba ilicheza nako, ikakalamba pua. Kisha siku sita kakaanza kukohoa. Mtoto wa mbwa hana kinga ya kutosha: kikohozi kikashuka mapafuni. Kakaacha kukula, kakawa kanapumua haraka haraka na tumbo, kamasi nzito puani. Walikangojea kapone, kwa sababu mimi niliwaambia kama kwa Simba ilikuwa kitu kidogo. Wakati docta alifika, ilikuwa mchana mmoja imechelewa. Watoto walikazika chini ya mti wa avoka. Nilienda kuomba samahani, na mama akaniambia tu: «Papa Simba, ni mbwa. Lakini ungetuambia.»

Hilo neno njo limenifanya niandike. Kanuni ya pili: mbwa ikikohoa, ifunge kwako, na uambie majirani siku ile ile. Wiki mbili mpaka tatu isikutane na zingine. Sahani zake zioshwe peke yake. Pale inalala, kisha kuondoa uchafu, mwagia maji ya javeli, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, na mbwa isirudi mpaka pakauke. Mtu mwenye kinga dhaifu sana, kama mgonjwa wa muda mrefu, asiishike wakati inakohoa, kwa sababu ile Bordetella mara chache sana inaweza kumfikia.

6. Wakati kikohozi kinaficha kitu kikubwa

Ugonjwa wa Carré. Jina linatoka kwa veterineri Mfaransa Henri Carré, mwenye alionyesha mwaka 1905 kama unaletwa na virusi. Unaanza kama mafua: homa, matongotongo machoni, kamasi nzito, kikohozi. Kisha kutapika na kuhara. Kisha kichwa: kutetemeka, misuli kuruka-ruka, kuanguka na kutikisika. Wakati fulani ngozi ya pua na ya nyayo inakuwa ngumu. Hakuna dawa ya kuua virusi vyenyewe. Docta anasaidia mwili tu, na mbwa nyingi zinakufa. Chanjo njo kinga. Na haiishii kwa mbwa: mwaka 1994, kule Serengeti, Tanzania, karibu theluthi ya simba zilikufa na virusi hivi, na mbwa za vijiji vya kando ziliwekewa lawama. Sisi wenye kuishi kando ya Parc ya Virunga tuwe na akili juu ya hiyo.

Minyoo. Vitoto vya minyoo ya tumbo vinapitaka mapafuni mbele ya kurudi tumboni. Mbwa ndogo yenye tumbo kubwa, manyoya mabaya na kikohozi kidogo, ianze kufikiriwa hivyo.

Moyo. Mbwa ya zamani, inayokohoa zaidi usiku ao ikilala, inachoka upesi, tumbo linavimba: hiyo si mafua. Moyo umechoka, maji yanajaa mapafuni.

Moshi na vumbi. Mbwa inayolala karibu na mbabula, ao kando ya barabara yetu ya vumbi wakati wa kiangazi, inaweza kukohoa bila ugonjwa. Uihamishe siku chache uone.

Sumu. Hapa ninaongea kama agronome, kwa sababu sisi njo tunaleta hizi produi nyumbani. Sumu ya panya ya aina inayozuia damu kuganda haiui mbwa palepale. Kisha siku tatu mpaka tano, damu inaanza kuvuja ndani, pia mapafuni. Mbwa inakohoa, labda na damu, ufizi unakuwa mweupe, inalegea. Kuko dawa yake, vitamini K1, lakini lazima ifike mapema na docta ajue. Na dawa za kuua wadudu shambani, zile za jamii ya organofosfati, zinaleta mate mengi, machozi, kutetemeka, na kifua kinachojaa maji kwa muda mfupi sana. Ukienda kwa docta, beba chupa ao pakiti. Usione haya kusema ulitega sumu.

7. Nyumbani ufanye nini

Kama mbwa ni kubwa, inakula, inapumua vizuri na inakohoa kavu tu, fanya hivi:

- Ipumzike. Hakuna mbio, hakuna kuichokoza ibweke.
- Ondoa kamba shingoni. Kama lazima uifunge, pitisha mshipi kifuani.
- Maji safi kila wakati, chakula laini chenye uvuguvugu.
- Iondoe kwenye moshi, vumbi na baridi ya usiku.
- Mvuke unasaidia: kaa nayo dakika 10 mu chumba kidogo chenye ndoo ya maji ya moto. Ndoo iwe mbali nayo, isije ikajichoma.
- Asali: nusu kijiko kidogo kwa mbwa ndogo, kijiko kidogo kimoja kwa kubwa, mara mbili ao tatu kwa siku. Inatuliza koo, haiponyeshi ugonjwa. Usiipe mbwa ambayo bado ni mtoto.
- Hesabu pumzi wakati imelala: kifua kupanda na kushuka ni moja. Chini ya 30 kwa dakika ni vizuri.

Usifanye haya:

- Usiipe dawa ya watu. Ibuprofeni na diklofenaki vinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Parasetamoli inaweza kuharibu ini na damu. Siro ya kikohozi ya watoto inaweza kuwa na vitu ambavyo kwa mbwa ni sumu, kama ile sukari inaitwa zilitoli. Mimi nilikuwa tayari nimeshika chupa ya siro ya mtoto wangu.
- Usinunue antibiotiki kwenye kibanda kwa kukisia. Kama ni virusi peke yake, haitafanya kitu, na sisi wote tunajua namna bakteria zinazoea dawa. Docta njo anaamua.
- Usiimiminie mafuta ya mawese ao maziwa mdomoni kwa nguvu «ili isafishe koo». Yanaweza kuingia mapafuni, na hapo umetengeneza ugonjwa mpya.

8. Saa ya kukimbia kwa docta

Usingoje asubuhi kama unaona moja kati ya haya: ufizi ao ulimi wa bluu, wa kijivu ao mweupe; inapumua na tumbo, shingo imenyooka, haitaki kulala; inakohoa damu; imeanguka; ufikiri imekula sumu.

Uende siku ile ile kama: ni mtoto wa mbwa, ni ya zamani ao iko na mimba, haikuli, iko na homa (joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39 na kidogo, kwa hiyo ukiigusa na kuona «inachoma», hiyo si kipimo, tumia termometre), kamasi nzito ya manjano, kikohozi kimekuwa cha maji maji. Na kama kikohozi kavu kimepita siku 10 bila kupungua, hata kama inacheza, uipeleke.

9. Kuzuia

Chanjo ya Carré na zile zinazoenda pamoja nayo inaanza kwa wiki 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki 3 ao 4 mpaka mbwa ifike karibu wiki 16. Ya raje inapewa karibu miezi 3, inarudiwa kisha mwaka moja, na baadaye kufuatana na ile docta ataandika. Kuko pia chanjo ya Bordetella, kuko ya kudondosha puani. Uliza kama inapatikana kwenu. Andika tarehe kwenye kijitabu, na ukiweke pamoja na makaratasi ya nyumba, si chini ya godoro ambapo mimi nilikipata cha Simba.

Kila tarehe 28 mwezi wa 9 dunia inakumbuka mapambano na kichaa cha mbwa. Ni tarehe ambayo Louis Pasteur alikufa, mwaka 1895, miaka kumi kisha kumudunga mtoto wa kwanza. Ninaomba kila mmoja wetu aliye na mbwa aichukue tarehe hiyo kama siku ya kufungua kijitabu na kuangalia.

Sisi tunaofugaka mbwa kwa kulinda parsele, mara nyingi tunaiona kama kufuli la mlango: tunaikumbuka siku imeharibika. Lakini ni mnyama anayepumua hewa moja na watoto wetu, analamba mikono yao.

Simba iko. Wakati ninaandika hii, imelala mlangoni. Kwa mama wa kona tulipeleka kambwa kengine, kale ka kwa yaya, kenye chanjo mbili tayari. Watoto wamekaita Avoka.

Muambie na jirani.